Barua pepe taka: Je, dawa ya moto ni moto?

Katikati ya mwezi Mei mwaka 2006, kampuni ya Blue Security, iliyoanzishwa na raia wa Israel, ilitangaza kuifunga huduma yake ya kupambana na barua pepe taka. Haikuwa imekosa wateja, kwani karibu watu nusu milioni walikuwa wamejiandikisha. Ilifunga kwa sababu iliamua kuwarudishia watumaji wa barua taka usumbufu waliokuwa wakiwapa wengine, nao wakajibu kwa kishindo kilichozima tovuti za mamilioni ya watu wasiohusika hata kidogo na ugomvi huo.

Kisa hicho kinaibua swali ambalo halijapoteza uzito wake hadi leo, iwe kwa anayefungua kikasha chake cha barua pepe asubuhi na kukuta matangazo ya dawa bandia, au kwa anayepokea ujumbe mfupi wa simu unaomtaka atume fedha kwa mtu asiyemjua. Je, anayesumbuliwa anayo haki ya kumsumbua anayemsumbua? Na kama anayo, mkono wake unamfikia mkosaji mwenyewe?

Mzigo unaobebwa na mpokeaji

Hasira dhidi ya barua taka ina msingi wa haki. Anayetuma barua kwa njia ya posta hununua bahasha na stempu, na kila barua ya ziada humgharimu. Kwenye barua pepe hali ni kinyume chake. Kutuma barua milioni moja hakumgharimu mtumaji zaidi sana ya kutuma barua kumi. Gharama huangukia upande wa pili: kampuni inayohifadhi barua hizo kwenye seva zake, ofisi inayolipia programu za kuzichuja, na mtu anayepoteza muda kuzifuta au, kwa bahati mbaya, kuzifungua.

Barua ya kwanza ya aina hiyo inayojulikana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978, pale Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani, alipotuma tangazo kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya sasa. Alikemewa na wasimamizi wa mtandao huo, lakini tangazo lenyewe lilileta wateja. Tangu hapo kanuni ya biashara hiyo haijabadilika: karipio la wengi halina uzito mbele ya fedha za wachache.

Uchache wa wanunuzi wenyewe ulipimwa mwaka 2008. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, katika kampasi za Berkeley na San Diego, walijipenyeza ndani ya mtandao wa kompyuta zilizotekwa uliojulikana kama Storm, wakafuatilia barua taka zipatazo milioni 350 zilizotangaza duka la dawa. Katika siku 26, barua zote hizo zilipata watu 28 tu waliofika hatua ya kununua. Huo ni wastani wa mnunuzi mmoja kwa kila barua milioni 12 na nusu.

Takwimu hiyo ndiyo inayowapa hoja wanaotaka kulipiza kisasi. Iwapo biashara hii inasimama kwa faida ndogo kiasi hicho, wanasema, basi inaishi kwa ukimya wa mamilioni wanaofuta barua na kuendelea na shughuli zao. Siku kila mpokeaji atakapoamua kumrudishia mtumaji gharama ndogo tu, hesabu zake zitavurugika na ataacha. Hoja hiyo ina mantiki. Tatizo limejitokeza kila mara ilipojaribiwa.

Jaribio la 1994

Tarehe 12 Aprili 1994, Laurence Canter na Martha Siegel, wanasheria mume na mke wa jimbo la Arizona nchini Marekani, walisambaza tangazo la kuwasaidia wageni kushiriki bahati nasibu ya vibali vya ukaazi vya Marekani, maarufu kama kadi ya kijani. Walilituma kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet, bila kujali iwapo kundi husika lilijadili muziki, tiba au ufugaji.

Watumiaji wa mtandao walijibu kwa kutuma maelfu ya barua za hasira. Barua hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba seva za kampuni iliyowauzia wanasheria hao huduma ya intaneti zilizidiwa na kusimama mara kadhaa. Kampuni hiyo iliwakatia huduma, na kwa maana hiyo kisasi kilifanikiwa. Lakini wateja wengine wa kampuni hiyohiyo, ambao hawakutuma tangazo lolote, nao walikosa barua zao. Canter na Siegel hawakujutia kitendo chao. Mwaka huohuo walichapisha kitabu cha kuwafundisha wengine jinsi ya kutajirika kupitia mtandao.

Hapo ndipo sura mbili za kisasi cha mtandaoni zilipoonekana kwa mara ya kwanza kwa pamoja: aliyekusudiwa alipata usumbufu wa muda, na jirani yake akalipa gharama asiyoijua chanzo chake.

Programu ya Lycos

Miaka kumi baadaye, wazo hilo lilichukuliwa na kampuni kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2004, Lycos Europe, iliyokuwa ikitoa huduma za barua pepe katika nchi kadhaa za Ulaya, iligawa bure programu ya kupamba skrini iliyoitwa Make Love Not Spam. Kompyuta ilipokuwa haitumiki, programu hiyo ilituma maombi mfululizo kwenye tovuti zilizotangazwa na barua taka. Lengo lililotajwa halikuwa kuziangusha tovuti hizo, bali kuzifanya ziwe nzito na kuwaongezea wamiliki bili za intaneti. Zaidi ya watu 100,000 waliipakua katika muda mfupi.

Lycos ilieleza kwamba ilichukua hadhari. Tovuti zilizolengwa zilitoka kwenye orodha za barua taka zilizoripotiwa, na zilikaguliwa na watu kabla ya kulengwa. Pia kampuni ilisema programu yake ilipangwa kupunguza kasi pindi tovuti ilipoelekea kuzidiwa. Hata hivyo, kampuni ya Netcraft, inayofuatilia mwenendo wa tovuti, iliripoti kuwa baadhi ya tovuti zilizolengwa zilizimika kabisa. Baadhi ya watoa huduma za intaneti waliizuia programu hiyo, wakisema haina tofauti na shambulio la kawaida la mtandaoni.

Kisha likatokea jambo ambalo wabunifu wake hawakulitarajia. Mmiliki wa tovuti mojawapo iliyolengwa alibadilisha maelekezo ya tovuti yake, ili kila anayeifikia apelekwe moja kwa moja kwenye tovuti ya Lycos yenyewe. Silaha ikamgeukia aliyeifua. Mapema Desemba, siku chache tu baada ya kuanza, kampeni hiyo ilisitishwa.

Chura wa bluu

Blue Security ilijifunza kutokana na kosa hilo, na ndiyo maana kisa chake ni kigumu zaidi kukihukumu. Programu yake, iliyoitwa Blue Frog, yaani chura wa bluu, haikutuma maombi mfululizo. Kwa kila barua taka moja aliyopokea mwanachama, programu ilikwenda kwenye tovuti iliyotangazwa na kujaza ombi moja la kutaka kuondolewa kwenye orodha. Barua moja, ombi moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za kibiashara inampa mpokeaji haki ya kudai asitumiwe tena barua, na kampuni ilisisitiza kwamba ilikuwa ikiwasaidia watu kuitumia haki hiyo tu.

Aliyetuma barua chache angepata maombi machache. Aliyewatumia nusu milioni ya wanachama angepata nusu milioni ya maombi, na tovuti yake ingelemewa kwa kadiri ya alichokitenda mwenyewe. Ili kumrahisishia anayetaka kuacha, kampuni ilitoa orodha ya wanachama iliyofungwa kwa maandishi ya siri, pamoja na programu ya kuwafuta wanachama hao kutoka kwenye orodha ya mtumaji bila kumwonyesha anwani zao. Baadhi ya watumaji wakubwa walikubali kuitumia.

Mmoja aliyejulikana kwa jina la bandia la PharmaMaster alikataa. Mwanzoni mwa Mei 2006 wanachama walianza kupokea barua za vitisho zilizowataka wajiondoe. Maandishi ya siri hayakuwa yamevunjwa. Ilitumika hila nyepesi zaidi. Ilitosha kuipitisha orodha ya anwani kwenye programu ya kuwafuta wanachama, kisha kulinganisha orodha ya kabla na ya baada. Kila anwani iliyotoweka ilikuwa ya mwanachama. Chombo kilichotengenezwa kuwalinda kikawa ndicho kilichowafichua.

Baada ya hapo tovuti ya Blue Security ilishambuliwa na kuwa haifikiki nje ya Israel. Ili kuwasiliana na wanachama wake, kampuni iliielekeza anwani ya tovuti yake kwenye blogu iliyokuwa ikihifadhiwa na kampuni nyingine ya Marekani, Six Apart. Shambulio likaifuata huko. Huduma za LiveJournal na TypePad, zilizokuwa na blogu za mamilioni ya watu, zikazimika kwa saa kadhaa. Kampuni ya Tucows, iliyokuwa ikiihudumia Blue Security katika masuala ya majina ya tovuti, nayo ikajeruhiwa. Takriban wiki mbili baadaye Blue Security ilitangaza kuacha, ikieleza kwamba haikuwa tayari kubeba dhamana ya vita vya mtandaoni vinavyozidi kupanuka.

Kipigo humfikia nani?

Ukiviweka pamoja visa hivyo vitatu, jambo moja linajirudia. Kila mara, walioumia zaidi ni watu wa tatu. Hiyo si bahati mbaya, bali inatokana na jinsi barua taka zinavyofanya kazi.

Kwanza, jina la mtumaji linaloonekana kwenye barua pepe si ushahidi. Mfumo wa barua pepe ulibuniwa katika enzi ya watumiaji wachache waliofahamiana, na hata sasa mtu anaweza kuandika anwani ya mwingine katika sehemu ya mtumaji, kama vile anavyoweza kuandika jina lolote mgongoni mwa bahasha. Mbinu mpya za uthibitisho zimepunguza udanganyifu huo bila kuumaliza. Mwaka 1997, mtumaji mmoja wa barua taka aliyefungiwa akaunti yake kwenye tovuti ya joes.com alilipiza kwa kutuma barua taka nyingi zilizoonekana kutoka kwa mmiliki wa tovuti hiyo, aliyeitwa Joe. Waliozipokea walimshambulia Joe kwa barua za matusi na mashambulizi yaliyoiangusha tovuti yake. Hawakujua kwamba hasira yao ndiyo iliyokuwa silaha ya mkosaji. Tangu wakati huo wataalamu wameiita hila hiyo kwa jina la Joe.

Pili, kompyuta inayotuma barua taka kwa kawaida si mali ya mtumaji. Ni kompyuta ya mtu mwingine iliyoingiliwa na virusi: huenda ni ya duka la steshenari, ya ofisi ya shule, au ya familia inayoshangaa kwa nini intaneti yake imekuwa ya kobe. Mtandao wa Rustock, uliotikisa dunia hadi mwaka 2011, ulikadiriwa na Microsoft kuwa na kompyuta zipatazo milioni moja za aina hiyo. Anayerusha kombora kuelekea kompyuta iliyomtumia barua taka anampiga mtu ambaye tayari ameibiwa.

Tatu, tovuti nyingi hukaa pamoja kwenye seva moja, kama wapangaji wa nyumba moja. Anayeuvunja mlango wa chumba kimoja kwa mafuriko huwalowesha wapangaji wote.

Katika Afrika Mashariki, ambako usumbufu huu huja zaidi kupitia simu ya mkononi, hali inafanana. Ujumbe wa aina ya "ile hela itume kwenye namba hii" unajulikana kwa karibu kila mwenye simu nchini Tanzania. Wapo wanaojibu kwa kuipiga namba hiyo usiku kucha, au kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp wakiomba wengine wasaidie kutukana. Lakini laini ya simu inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Ni kwa sababu hiyo Watanzania huhimizwa kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba zao za kitambulisho cha taifa. Namba inayosambazwa kwa hasira huenda ikawa imebeba jina la mhanga mwingine.

Hoja ya wanaotetea kisasi

Pamoja na hayo, hoja za upande wa pili hazistahili kupuuzwa. Wanaotetea kisasi husema kwamba sheria huishia mpakani ilhali barua taka haina pasipoti. Polisi wa nchi moja hawawezi kumkamata mtumaji aliye katika nchi nyingine asiyejulikana hata jina, na mara nyingi hawana muda wa malalamiko ya mtu aliyepoteza kiasi kidogo cha fedha. Kumwambia mtu huyo asubiri vyombo vya dola, wanasema, ni kumwambia avumilie milele.

Husema pia kwamba lawama za uharibifu wa mwaka 2006 ni za aliyeshambulia, si za Blue Security. Anayepigwa kwa kudai haki yake hawezi kugeuzwa kuwa mkosaji kwa sababu tu mpigaji alikuwa na nguvu zaidi.

Hoja hiyo ya pili ni nzito, na ni kweli kwamba ombi moja la kuondolewa kwenye orodha si kosa popote. Ugumu unaanza pale maombi nusu milioni yanapotumwa na programu moja, kwa amri ya kituo kimoja, kuelekea tovuti iliyochaguliwa na watu wachache. Kila mwanachama ametenda jambo halali, lakini jumla yake ni nguvu yenye uwezo wa kuiangusha tovuti yoyote. Usalama wa mfumo mzima unategemea jambo moja tu: kwamba anayechagua shabaha hakosei kamwe. Mtumaji wa barua taka akiweka ndani ya barua zake anwani ya tovuti ya hospitali au ya mshindani wake wa biashara, anachohitaji ni mkaguzi mmoja aliyechoka ili jeshi zima limshambulie asiye na hatia.

Tofauti iliyopo kati ya kujilinda na kulipiza kisasi iko hapo. Anayefunga mlango, anayezuia namba au anayechuja barua hukosea kwa hasara yake mwenyewe: atapoteza barua ambayo pengine alikuwa akiisubiri. Anayeshambulia hukosea kwa hasara ya mwingine, ambaye hakuulizwa na hana pa kukata rufaa.

Sheria za nchi jirani

Sheria nyingi duniani zimechukua msimamo huo. Hakuna kifungu cha kawaida kinachomruhusu raia kuingilia mfumo wa kompyuta wa mwingine kwa sababu yeye alianza. Nchini Marekani, muswada uliowasilishwa bungeni mwaka 2017, na tena mwaka 2019, ulitaka kuwaruhusu waathiriwa wa udukuzi kuingia kwenye kompyuta za wanaowashambulia ili kuwatambua. Hata muswada huo ulikataza kuharibu taarifa za watu wengine na ulidai taarifa itolewe kwanza kwa shirika la upelelezi la FBI. Haukupita.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria hiyo inagusa pande zote mbili za ugomvi. Inakataza kutuma jumbe zisizoombwa kwa nia ya kutenda kosa, pamoja na kughushi taarifa za mtumaji. Lakini pia inalifanya kuwa kosa tendo la kuzuia kwa makusudi na bila haki utendaji wa mfumo wa kompyuta. Haiulizi iwapo mwenye mfumo huo ni mtu mwema.

Kenya ilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao mwaka 2018, inayoadhibu uingiliaji wa mifumo bila idhini. Mwaka uliofuata ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, inayodai ridhaa ya mtu kabla ya taarifa zake kutumika kibiashara. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imekuwa ikipokea malalamiko ya wananchi, na imewahi kuziamuru taasisi zilizokiuka sheria hiyo kuwalipa fidia walalamikaji. Kwa hiyo anayetumiwa matangazo asiyoyataka na kampuni inayojulikana ana mahali pa kwenda, na anaweza kurudi na hundi badala ya ugomvi.

Uganda nayo ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, inayokataza kuzuia matumizi ya kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Katika ngazi ya bara, Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu Usalama wa Mtandao na Ulinzi wa Data Binafsi, uliopitishwa mjini Malabo mwaka 2014, ulianza kufanya kazi mwezi Juni 2023. Unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa mtu ambaye hakutoa ridhaa. Rwanda, Zambia na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Sheria hizi haziwezi peke yake kumfikia mtumaji aliyejificha ng'ambo. Lakini zinaweka wazi kwamba, kwa aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, anayeweza kukamatwa kirahisi zaidi ni yule anayelipiza kisasi kwa kompyuta yake mwenyewe na kwa jina lake halisi.

Kilichowahi kufanikiwa

Iwapo kisasi cha umma kimeshindwa, hilo halimaanishi kwamba hakuna kilichofaulu. Tarehe 11 Novemba 2008, kampuni mbili zilizokuwa zikiiunganisha McColo, kampuni ya kuhifadhi tovuti katika jimbo la California, ziliikatia huduma. Zilifanya hivyo baada ya mwandishi wa gazeti la Washington Post, Brian Krebs, kuzipelekea ushahidi uliokusanywa na watafiti kwamba mitandao mikubwa ya barua taka iliongozwa kutoka kwenye seva za McColo. Kiwango cha barua taka duniani kilishuka kwa takriban theluthi mbili kwa mara moja. Kilipanda tena katika miezi iliyofuata, lakini hakuna programu ya kulipiza kisasi iliyowahi kufika hata karibu na matokeo hayo.

Mwezi Machi 2011, Microsoft ilikwenda mahakamani nchini Marekani na kupata amri ya kukamata seva zilizouongoza mtandao wa Rustock katika miji kadhaa. Maafisa wa dola walifuatana na wataalamu kuzichukua. Mamia ya maelfu ya kompyuta zilizotekwa zikabaki bila bwana, na wenyewe hawakuharibiwa chochote.

Mwaka huohuo watafiti wa California walichapisha matokeo mengine. Walinunua bidhaa zilizotangazwa na barua taka na kufuatilia fedha zao zilikoelekea. Waligundua kuwa asilimia 95 ya bidhaa za dawa, programu na nakala bandia zilizotangazwa kwa njia hiyo zilipitisha malipo katika benki chache tu. Kompyuta zinazotuma ni nyingi na hubadilishwa kila siku. Benki iliyo tayari kupokea fedha hizo haipatikani kirahisi. Wenye alama za biashara walipoanza kupeleka malalamiko yenye ushahidi kwa kampuni za kadi za malipo, akaunti nyingi za wauzaji hao zilifungwa.

Katika mifano hiyo yote mkosaji alipigwa, tena kwa nguvu. Tofauti ni kwamba kabla ya pigo kulikuwa na ushahidi, kulikuwa na mtu aliyeuchunguza kabla ya kuchukua hatua, na kulikuwa na anayeweza kuulizwa iwapo angekosea.

Mpokeaji afanye nini?

Kwa mtu wa kawaida, mchango wenye maana ni mdogo kuliko hasira yake, lakini haupotei. Kuibonyeza sehemu ya kuripoti barua taka kunazifundisha programu za kuchuja na kuwalinda wengine. Kuomba kuondolewa kwenye orodha kunafaa kwa kampuni inayojulikana. Kwa mtumaji asiyejulikana hakufai, kwani jibu humthibitishia kwamba anwani ina mtu. Nchini Tanzania, namba za matapeli huweza kutumwa 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na wakulima wanaochoma ukanda wa nyasi ili kuzuia moto wa porini wanajua kwamba msemo huo una ukweli. Lakini mkulima huyo huchoma katika shamba lake, akijua upepo unaelekea wapi. Kwenye mtandao, anayewasha moto wa kisasi hauoni upepo, na mara nyingi hajui shamba analolichoma ni la nani.